Risasi za 9 mm nilizojaza mwenyewe zinakwama kabla slaidi ya bastola haijafunga, naombeni msaada

Mrambo_Houston
Wakuu habari zenu. Nipo Houston, Texas, huu mwaka wa 7. Jumamosi mbili kila mwezi nashindana kulenga shabaha, na tangu Machi nimeanza kujaza risasi mwenyewe gereji (yaani kuunganisha ganda, fataki ya kuwashia, baruti na kichwa), maana za dukani zinanimalizia mshahara. (Mlioko nyumbani, huku kujijazia kwa matumizi yako inaruhusiwa. Kwetu bila leseni ni kosa, msijaribu.)

Babu yangu kule Urambo alikuwa na gobore. Nilikuwa nakaa pembeni namwangalia akishindilia: baruti, kitambaa, gololi, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha mpaka amalize. Umakini ule ndio ninaojaribu kuufuata, ndiyo maana jambo hili linaninyima usingizi.

Jana kati ya risasi 150, 11 zimegoma. Inatoka kwenye magazini vizuri, inapanda, inaingia mtutuni, halafu slaidi (kile chuma cha juu cha bastola kinachokwenda nyuma na mbele) inasimama ikiwa imebakiza kama milimita 3 kufunga. Nikiipiga kwa nyuma na kiganja mara inafunga, mara haifungi. Za dukani zinapita zote. Kilichonitisha ni moja ambayo nilipovuta slaidi kuitoa, ganda lilitoka peke yake. Kichwa kilibaki kimeng'ang'ania mtutuni, punje za baruti zikamwagika mpaka ndani ya magazini. Nikafunga begi nikarudi nyumbani.

Vichwa vyangu ni vya madini ya risasi vilivyopakwa rangi, ncha ya mviringo, uzito grein 124. Urefu wa risasi nzima ni 29.2 mm. Kitabu kinasema mwisho ni 29.69, kwa hiyo nimo ndani. Maganda ni ya kuokota uwanjani, mchanganyiko. Nakosea wapi?

chuma_cha_pua
Mkuu chukua msasa laini, sugua pale kwenye mteremko risasi inapopandia. Ya kwangu ilipona hivyo.

DadaShabaha
Kaka Mrambo, usisugue chochote, tafadhali. Mteremko ukiwa na shida, risasi inakwama pale chini ncha ikiwa imeegemea chuma. Yako imeshapita hapo. Na ulifanya vema kufunga begi.

Kile kichwa kilichobaki mtutuni ndicho jibu lako. Kiligusa ile mifereji iliyochongwa ndani ya mtutu kabla ganda halijafika mwisho wa chemba (pale nyuma ya mtutu risasi inapokaa), kikajikaza humo. Ile 29.69 ni kikomo cha risasi ya 9 mm kwa jumla. Haijui umbo la kichwa chako wala koo la mtutu wako, ile nafasi kati ya chemba na mifereji. Chukua risasi mbili za urefu mmoja, moja ina ncha iliyochongoka, nyingine ina mabega mapana: yenye mabega itagusa mapema. Na kuna bastola ambazo mifereji inaanza karibu sana na chemba. Nadhani yako ni mojawapo.

Pima hivi. Hakikisha bastola ni tupu, angalia tena, toa mtutu uusafishe. Ushike mdomo ukitazama chini, dondoshea risasi ya dukani. Utasikia "tk" kavu. Izungushe kwa kidole, itazunguka kama gololi kwenye bakuli. Geuza mtutu, itaanguka yenyewe. Sasa weka ya kwako. Kama inashika, ipake wino wa maka peni kuanzia kichwani mpaka kitakoni, irudishe, izungushe kidogo, itoe uiangalie kwenye mwanga. Pale wino ulipokwaruzika ndipo inapogusa.

Nakuomba jambo moja kwa moyo wote: usipige tena slaidi kwa kiganja. Na ukikuta ni ndefu, usikizamishe kichwa tu ukaendelea na baruti ileile. Ganda la 9 mm ni dogo, milimita moja ya nafasi ikipungua mgandamizo unapanda vibaya. Rudi kwenye kitabu, kipimo cha chini kabisa cha kichwa hicho na baruti hiyo, panda polepole.

Babu_Minneapolis
Dada amesema kweli tupu. Niongeze moja, mwanangu. Mdomo wa ganda tunaupanua kidogo ili kichwa kiingie. Je, unaurudisha? Risasi ya 9 mm inasimama kwa mdomo wa ganda lake ndani ya chemba, kwa hiyo mdomo unyooshwe tu, usikunjwe kuingia ndani. Ukipima kwa vernia (kipimio cha kubana), upana usizidi 9.65 mm pale mdomoni. Ukiubana kupita kiasi, kichwa cha madini laini kinaminywa na kinalegea badala ya kushika.

Mrambo_Houston
Nimerudi. Nimekaa gereji tangu saa kumi na moja jioni, watoto wananiita kula.

Risasi ya dukani: tk, inazunguka. Ya kwangu: kimya, imeshika. Kwenye wino kulikuwa na mikwaruzo midogo kuzunguka bega la kichwa, yenye nafasi sawasawa kama meno ya kitana. Mifereji kabisa! Mdomoni nimepata 9.63, Babu, hapo nipo salama.

Nikatengeneza risasi ya kupimia isiyo na baruti wala fataki, nikawa nazamisha kichwa kidogo kidogo. Ilianza kuzunguka kwenye 28.2. Nimeweka 27.9 niwe na nafasi. Lakini maganda mawili yameshika hata hivyo, na wino umetoka chini karibu na kitako.

DadaShabaha
Hayo mawili yamevimba kutoka kwenye bastola ya mtu mwingine. Yatupe.

Mrambo_Houston
Nimeyatupa. Zimebaki 240 za urefu wa zamani zenye baruti. Nizisukume tu mpaka 27.9?

DadaShabaha
Hapana kaka! Baruti iliyomo uliipima kwa urefu ule mwingine. Zing'oe zote kwa nyundo ya kung'olea vichwa, moja moja, miwani usoni. Ni kazi ya jioni mbili tatu. Baruti usiichanganye na nyingine yoyote.

Mrambo_Houston
Sawa dada. Nakula kwanza, halafu naanza. Nikifika mwisho nitajaza 10 tu za kipimo cha chini, kila moja nitaidondosha mtutuni kabla ya kwenda uwanjani.