Mjadala: Je, kivuli cha NBA kiliiokoa ligi ya kikapu ya wanawake au kiliidumaza?

Wanajamvi, msimamo wangu ni kwamba WNBA, ligi ya kikapu ya wanawake ya Marekani, isingefika ilipo bila NBA, ligi ya wanaume iliyoianzisha, ingawa gharama kubwa ya uhai wake ililipwa na wachezaji wenyewe. Ligi ya kwanza ya kulipwa ya wanawake, WBL, ilianza Desemba 1978 ikiwa na timu 8, ikafa mwaka 1981 huku baadhi ya wachezaji wakidai mishahara yao. Baada ya wanawake wa Marekani kutwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Atlanta mwaka 1996, zikazuka ligi mbili. ABL, isiyokuwa chini ya NBA, ilitangulia Oktoba mwaka huo, ikicheza majira ya baridi, ambayo ndiyo majira ya kikapu, na kima cha chini cha mshahara wake kilikuwa dola 40,000. WNBA ilifuata Juni 21, 1997, ikicheza kiangazi wakati NBA imepumzika, na mechi zake zikionyeshwa na vituo vya televisheni vya NBC, ESPN na Lifetime. ABL ilifilisika Desemba 1998, katikati ya msimu wa tatu. Kwa maoni yangu haikuzidiwa uwanjani. Ilizidiwa kwenye televisheni.

Mchangiaji wa pili:
Sikubaliani na mleta mada. Ligi iliyopewa miezi ambayo wanaume hawaihitaji ilikuwa ya kujazia ratiba tangu mwanzo, na mishahara yake iliwalazimu nyota kwenda Urusi, Uturuki na China kila majira ya baridi. Mwaka 2015 nyota Diana Taurasi hakucheza WNBA kabisa, kwa kuwa klabu yake ya Urusi, UMMC Ekaterinburg, ilimlipa ili apumzike. Nyota mwingine, Brittney Griner, alikuwa akirejea katika klabu hiyohiyo alipokamatwa karibu na Moscow Februari 2022. Mlezi gani huyu, ambaye watoto wake hula kwa jirani?

Mchangiaji wa tatu:
Hoja ya mishahara haina ubishi, lakini tazameni yaliyotokea NBA ilipolegeza mkono. Hadi mwaka 2002 ilimiliki timu zote za WNBA kwa pamoja; ilipoanza kuzikabidhi kwa wamiliki mmoja mmoja, Miami na Portland zilifungwa, kisha Cleveland mwaka 2003. Houston Comets, waliotwaa ubingwa wote wa 1997 hadi 2000 wakiwa na Cynthia Cooper, Sheryl Swoopes na Tina Thompson, walikosa mnunuzi na kuvunjwa mwaka 2008. Ikiwa bingwa mara nne alikosa mtu wa kumchukua, sioni ABL ingempata nani.

Mleta mada:
Jibu la mchangiaji wa tatu linatosha kwa miaka ile, ila halitoshi kwa sasa. Mwaka 2024 WNBA ilipata mkataba wa matangazo wa miaka 11 wenye thamani ya takribani dola bilioni 2.2, na NBA ndiyo iliyoujadili sambamba na wake. Mwaka huohuo Caitlin Clark, aliyejaza kumbi kila alipokwenda, alilipwa na ligi dola 76,535. Oktoba, chama cha wachezaji kilitangaza kujitoa mapema katika makubaliano ya pamoja ya kazi na ligi, yanayopanga mishahara na masharti yao, na hapo ndipo ningependa mchango wenu uelekee: je, NBA inastahili kuendelea kuketi mezani kwa niaba ya wanawake hawa?