Tupeane uzoefu: vinanda vya sampo vya zamani (D-50, M1, JV, SY77, K2000 na ndugu zao)

Kinanda_Kongwe:

Wakuu, uzi huu ni wa wenye vinanda vya sampo (vinavyocheza mawimbi ya sauti zilizorekodiwa) vilivyotoka kati ya 1987 na 2000 hivi: Roland D-50, Korg M1, Yamaha SY77, familia ya JV na XP, Kurzweil K2000, Korg Triton. Ombi ni moja, hadithi za "nilikipata wapi" tuziweke pembeni. Leta unachokijua kwa mikono: nini hufa, kwa nini, na kinafufuliwaje.

Naanza na betri, kwa sababu ndiyo inayofanya vinanda vizima viuzwe kama chakavu. Ndani ya vingi kuna betri bapa ya CR2032, volti 3, inayoshikilia memori ya RAM (ile inayofutika ikikosa umeme) kinanda kikizimwa. Sasa tofauti iko hapa. JV-1080 ina sauti za kiwandani kwenye ROM (memori isiyofutika), hivyo betri ikifa unapoteza ulizotengeneza mwenyewe tu. Unaingia Utility, unarudisha za kiwandani, kazi imeisha. M1 na D-50 sivyo. Mawimbi yenyewe yako ROM, lakini programu zinazoyapanga mawimbi hayo kuwa piano, kwaya au besi zinakaa RAM. Betri ikifa utaona majina yenye herufi za ajabu na kusikia mikoromo au kimya kitupu. Kinanda hakijafa, kinahitaji betri na faili la sauti zake.

Pima kwa mita kabla ya yote. Betri nzima husoma volti 3.0 hadi 3.2; ikikaribia 2.7 usingoje. Hifadhi sauti kwanza (mwenye ujuzi wa SysEx, yaani kutuma data ya kinanda kwa waya wa MIDI unaounganisha ala na kompyuta, aje hapa chini), kisha chomoa waya wa umeme, ndipo ufungue. Kwenye bodi nyingi betri imechomelewa kwa masikio ya bati. Ongeza risasi mpya ya kuchomelea kidogo juu ya ile ya zamani ili iyeyuke haraka, gusa kwa pasi ya kuchomelea sekunde tatu au nne, pumzika, rudia. Ukikaza pasi muda mrefu, njia ya shaba inabanduka kwenye bodi, na hapo umejiongezea kazi. Weka kishikio cha CR2032 badala ya kuchomelea betri nyingine, ili mara ijayo uchomoe kwa kidole. Na usichomelee moja kwa moja juu ya betri isiyo na masikio: joto linaweza kuipasua.

K2000 ni mtoto wa kivyake. Inatumia betri tatu za AA, na mlango wake uko nje, chini ya kinanda. Zibadilishe kikiwa kimewashwa na memori itabaki. Usiziache humo miaka mingi, zikivuja zinakula vyuma vya kishikio.

WayaTano:

Mkuu umenitaja bila kunitaja. SysEx ni hivi.

MIDI ya pini tano hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti hubebwa na biti 10, kwa hiyo ni baiti 3,125 kwa sekunde. Faili la KB 64 linachukua sekunde 21 hivi. Programu ya kompyuta ikikuambia imemaliza kutuma faili la ukubwa huo kwa sekunde mbili, jua data imemwagika njiani.

Kuhifadhi: MIDI OUT ya kinanda iende IN ya kompyuta, programu ya SysEx iwekwe kupokea, kisha ndani ya kinanda uagize kumwaga data yote. Likishafika, usiliamini faili kwa jina lake. Lifungue kwa programu ya kuonyesha baiti. Kwa namba za heksadesimali (msingi wa 16), lazima lianze na F0 na liishe na F7. Baiti ya pili ni kampuni: 41 ni Roland, 42 Korg, 43 Yamaha. Faili la M1 iliyo kwenye chaneli ya 1 huanza F0 42 30 19. Hifadhi mara mbili na ulinganishe ukubwa. Yakitofautiana, moja limekatika.

Kurudisha ndiko kunakokwaza wengi, na sababu ni nne tu:

Ulinzi wa memori haujazimwa. M1 na D-50 zote zina kinga hiyo.

Mapokezi ya Exclusive (ndiyo SysEx) yamefungwa. Kwenye M1 yako ndani ya menyu ya Global.

Chaneli au namba ya kifaa haifanani. Familia ya JV ya Roland huja na kifaa namba 17, ambayo ndani ya faili inaonekana kama 10 ya heksadesimali.

Ya nne, data inakuja kwa kasi kuliko kinanda kinavyoweza kumeza. Weka pengo la milisekunde 100 kati ya ujumbe na ujumbe, ikigoma panda hadi 200. Nyaya za bei nafuu za USB kwenda MIDI ndizo hukata ujumbe mrefu katikati. Sauti moja moja zinapita vizuri, mmwago mzima unakwama.

Nota_Tupu:

@WayaTano vipi D-50 inayokaa tu inasubiri, haionyeshi kosa lolote?

WayaTano:

Hapo iko kwenye njia ya kupeana mkono: inangoja upande wa pili ujibu. Ama unganisha nyaya mbili, OUT kwa IN kila upande, na programu inayojua kujibu, ama chagua njia ya upande mmoja. Faili nyingi za sauti zimetengenezwa kwa njia ya upande mmoja.

FunguaFunga:

Mimi nazungumzia vibonyezo. Malalamiko mawili makubwa: noti haitoki, au noti moja inatoka kwa kelele hata ukiigusa kama unyoya. Ugonjwa ni mmoja.

Chini ya kila kibonyezo kuna kofia ya mpira yenye vidonge viwili vya kaboni. Kimoja hugusa bodi mapema, cha pili baadaye. Kinanda hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili, na muda huo ndio nguvu ya mkono wako. Kidonge cha kwanza kikichafuka kikachelewa, muda unakuwa karibu na sifuri, kinanda kinadhani umepiga kwa ngumi. Cha pili kikigoma, noti haitoki kabisa.

Dawa ni spiriti ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu, ya 99 ikipatikana ndiyo bora, na kitambaa kisichotoa nyuzi. Futa bodi, futa vidonge kwa kugusa tu, usisugue. Kaboni ikitoka hairudi. Msasa, petroli, dawa ya kulegeza kutu: sahau. Acha dakika 15 pakauke. Unaporudisha mpira, vichuchu vyake viingie kwenye matundu vyote, visukume kwa kijiti butu. Kichuchu kimoja kikining'inia kinafanya noti ya jirani iwe nzito. Na usizibe kinjia cha hewa chini ya mpira, vinginevyo kibonyezo kinarudi polepole kama kimechoka.

Panga vibonyezo mezani kwa mfuatano ulivyovitoa. Vinafanana kwa macho, ila C na F havibadilishani.

Batani za mbele ni kitu kingine. Zikihitaji kukandamizwa mara tatu, hakuna spiriti itakayoziokoa kwa muda mrefu. Ni swichi ndogo za mm 6 kwa 6 mara nyingi. Pima na urefu wa kitufe chake kabla ya kuagiza, kwa sababu mm 1 ya ziada inafanya batani ibaki imebonyea kifuniko kikifungwa. Badilisha zote kwa pamoja, zimezeeka siku moja.

Gundi_Nyekundu:

Wenye JD-800 na D-70 za Roland, jina langu linatosha. Vyuma vya uzito chini ya vibonyezo vilibandikwa kwa gundi nyekundu ambayo kwa miaka inageuka kuwa uji. Inatiririka, inanasisha vibonyezo, inashuka hadi kwenye mpira na bodi. Kusimamisha kinanda wima na joto vinaharakisha.

Kuifuta juu juu ni kupoteza muda. Vibonyezo vinatolewa vyote, vinalowekwa kwenye maji yenye magadi makali ya kuzibulia mabomba (hidroksidi ya sodiamu) mpaka gundi ilegee, kisha vinasuuzwa na vyuma kubandikwa upya kwa epoksi ya sehemu mbili. Miwani na glavu si mapambo hapa. Mimina magadi ndani ya maji, kamwe si maji juu ya magadi, na tumia ndoo ya plastiki. Sufuria ya alumini itachemka na kutoa gesi inayowaka.

Disketi_720:

SY77 inataka disketi za DD za KB 720. HD ya MB 1.44 iliyozibwa tundu kwa utepe inaweza kukubali leo na kukataa baada ya wiki mbili, kwani sumaku yake inahitaji nguvu nyingine ya kuandikia. Usiweke humo kitu cha pekee.

Suluhisho ni kifaa cha Gotek chenye programu ya FlashFloppy, kinachokaa mahali pa disketi na kusoma fleshi ya USB iliyofomatiwa FAT32. Kikiwashwa na kinanda kisione disketi, kosa ni pini ya 34 karibu kila mara. Vinanda vingine vinatarajia pini hiyo iseme "tayari", vingine "disketi imebadilishwa". Badilisha mstari wa interface ndani ya faili la FF.CFG kati ya shugart na ibmpc, uzime, uwashe. Taa ya kifaa ikiwaka bila kuzima tangu mwanzo, umegeuza utepe wa nyaya. Pini ya 1 iko upande wa waya wenye rangi.

Ensoniq EPS ni balaa zaidi: haina mfumo wa uendeshaji ndani, inausoma kutoka disketi kila ikiwashwa. Na disketi zake zina sekta 10 kwa mzunguko badala ya 9, jumla KB 800, hivyo kisomeo cha disketi cha USB cha kompyuta hakiwezi kuzisoma hata zikiwa nzima. Usizitupe kwa sababu kompyuta imesema zimeharibika.

Kwa Triton na K2000, kumbuka sampo ulizopakia zinakaa RAM isiyoshikiliwa na betri, na kuzima ni kuzifuta. Triton ina MB 16 za kuanzia, inapanda hadi 64. MB 16 ni disketi 12 za HD, hakuna mtu mwenye subira hiyo. Tumia SCSI (njia ya zamani ya kuunganisha diski) yenye kadi ya SD. Namba ya ID isigongane na ya kinanda.

Sauti_16:

Mmeongelea vyuma, sasa muziki. Swali linalorudi kila siku: "mbona noti zinakatika?"

Hesabu. M1 inaweza kutoa sauti 16 kwa wakati mmoja. Programu ya Single hutumia moja kwa noti, ya Double hutumia mbili, basi umebaki na noti 8. D-50 vilevile: 16 ukiwa Whole, 8 ukiwa Dual. JV-1080 inajisifu kwa 64, lakini patch (sauti moja kamili) ya tone nne (tabaka zake) inakupa noti 16. Shikilia pedali ukipiga kodi za vidole vinne, kodi ya tano inaanza kula ya kwanza. Tiba si kununua kinanda kingine: zima tone usiyoisikia ndani ya mchanganyiko, punguza release (mkia wa noti), na kwenye Performance (patch kadhaa kwa pamoja) tumia Voice Reserve (akiba ya sauti kwa kila sehemu). Wape ngoma na besi akiba yao. Pedi (sauti laini ya kujaza nyuma) ndiyo iibiwe sauti, ikikatika hakuna atakayejua.

Swali la pili: "patch ni tamu peke yake, nikiiweka kwenye Performance inakauka." JV-1080 ina kichakato kimoja cha EFX (efekti). Ukiwa patch moja ni chake chote. Kwenye Performance sehemu zote 16 zinagawana hicho kimoja pamoja na chorus na reverb. Chagua sehemu inayokihitaji kweli, kama ogani yenye rotari, uielekeze EFX kwake. Zilizobaki zipe reverb zaidi na urekebishe mwangaza kwa filta.

Kwenye M1 zima efekti zote mbili kabla ya kuhariri. Sauti nyingi za kiwandani ni wimbi fupi lililovikwa efekti nzito. Filta yake haina resonance, kwa hiyo usipoteze saa nzima ukitafuta mlio ule wa "wau". Badilisha wimbi lenyewe. Kwa maoni yangu huko ndiko kunakoipa M1 tabia yake, inakulazimisha kuchagua badala ya kuchonga.

Volti100:

Fupi: soma kibao cha nyuma. Chombo cha soko la Japani ni volti 100. Kukichomeka kwenye 230 ni kuchoma fyuzi ukiwa na bahati, transfoma ukikosa. Tumia transfoma ya kushusha yenye wati angalau mara mbili ya zilizoandikwa.

Muungurumo mzito hata sauti ya kinanda ikiwa sifuri? Chomoa jeki zote, sikiliza kwa hedifoni za kinanda. Ukipotea, ni mzunguko wa ethi kati ya vifaa, siyo kinanda. Ukibaki, angalia kapasita za usambazaji wa umeme.

Nota_Tupu:

Na pedali inayofanya kazi kinyume, noti zinaning'inia mpaka uikanyage?

FunguaFunga:

Polariti. Baadhi ya vinanda husoma hali ya pedali vinapowashwa, kwa hiyo washa bila kuikanyaga. Ikiendelea, tafuta mpangilio wa polariti kwenye menyu, au swichi ndogo chini ya pedali yenyewe.