Tupeane uzoefu: ukarabati na matunzo ya nyumba za kupangisha, pesa yako iliingia wapi ikalipa?

Mpangishaji Tabata

Wadau, habari za jioni. Tunapozungumzia nyumba za kupangisha, maneno mengi huwa kwenye kiwanja, msingi na bati. Nyumba ikishakamilika tunanyamaza, wakati hapo ndipo kazi ya miaka ishirini inapoanza. Kila mwenye nyumba, hata kama ni vyumba viwili vya uani, aeleze ukarabati alioufanya na matokeo yake.

Naanza na chumvi ukutani. Dar tunaijua wote: rangi inavimba, inabanduka, plasta inamomonyoka kuanzia chini hadi usawa wa kiuno. Mpangaji akihama tunapiga rangi ya mafuta, dalali analeta mwingine, na mvua za masika zikipita ukuta uko vilevile. Kwangu fundi mmoja mzee alikataa kabisa kushika brashi mpaka tujue maji yanatoka wapi. Akachimba pembeni ya ukuta. Kumbe uwanja ulikuwa umeongezwa kifusi kidogo kidogo, kisha ukatandikwa pevingi, mpaka ukapanda juu ya ile nailoni inayowekwa kwenye msingi kuzuia unyevu. Maji ya mvua yalikuwa yanaingia kwenye tofali juu ya kizuizi. Yanapanda na chumvi yake, yanakaukia usoni, chumvi inabaki na kusukuma rangi.

Tulishusha uwanja, tukajenga mfereji, tukabandua plasta yote iliyooza hadi juu ya alama ya unyevu, tukauacha ukuta ukauke kabla ya kupiga mpya. Chumba kilikaa bila mpangaji muda huo na kodi ikanipita, lakini ukuta ule mpaka leo mkavu. Rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi ni pesa ya kutupa, nasema hivyo kwa moyo mmoja.

Mama Vyumba, Mbagala

Asante kaka kwa kuanzisha. Mimi ukarabati ulionilipa kuliko wote ni Luku, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla. Vyumba vingi mita moja ni vita kila wiki. Huyu ana friji, yule ana taa na simu tu, mchango unataka uwe sawa. Watu wazuri walikuwa wanahama kwa sababu ya umeme, kodi hawana shida nayo. Nikavuta mita kivyake kwa vyumba vikubwa, vile vidogo nikawawekea mita ndogo za ndani, kila mtu anaona anachotumia. Kelele zimekwisha.

Ila angalieni hili. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye Luku. Nyumba moja ikiwa na mita nyingi, hakikisheni inakatwa kwenye mita moja tu, nyingine mkaombe ziondolewe. Na kama mita inayokatwa ni ya mpangaji, mrudishieni. Kodi ya jengo ni ya mwenye nyumba, si haki kumbebesha mtu kwa sababu tu ndiye anayenunua umeme.

Mkaazi wa Mji Mkongwe, Unguja

Assalaam alaykum. Kwetu mambo ni tofauti kidogo. Nyumba ya familia ni ya mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Ghorofa ya juu tunapangisha.

Mafundi wengi wakiona chokaa inadondoka wanakimbilia saruji. Jamani, msikubali. Ukuta wa mawe unavuta unyevu na kuutoa kupitia chokaa. Ukiupiga saruji unyevu unafungiwa ndani, unasogea mpaka kwenye vichwa vya boriti vilivyozama ukutani, na boriti zinaoza pale pale msipopaona. Nje ukuta unang'aa, ndani dari inakatika. Sote tuliona sehemu ya Beit al Ajaib, lile jumba la kihistoria la hapa Mji Mkongwe, ilivyoporomoka Disemba 2020, kazi ya ukarabati ikiwa inaendelea, na watu wakafariki. Majengo haya hayataki pupa.

Na kabla ya kugusa chochote, nenda Mamlaka ya Mji Mkongwe ukachukue kibali. Mji umo kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000, huwezi kubadilisha dirisha au baraza kwa utashi wako. Wengine wanaona usumbufu. Mimi naona ndiyo sababu wageni bado wanakuja kupanga.

Landilodi Ruiru

Salamu kutoka Kenya. Mimi nina bedsita, vyumba vya kulala na kupikia humo humo. Mpangaji akiingia, mimi, yeye na keyateka (mwangalizi wa nyumba) tunazunguka nyumba nzima tukipiga picha: sinki, soketi, vioo, kitasa. Kila mmoja anabaki nazo kwa simu. Siku ya kuhama, hakuna ubishi juu ya depoziti.

Jambo la pili ni hesabu. Kodi ya kila mwezi ya mapato ya nyumba, ambayo ni asilimia 7.5 tangu Januari 2024, hukatwa kwa pato lote. Risiti za rangi na fundi hazipunguzi chochote. Kwa hiyo pesa ya matengenezo niitenge mwenyewe kila mwezi kabla sijaanza kula.

Fundi bomba, Temeke

Mimi si mwenye nyumba, ila nazijua nyumba zenu kwa chini. Nawaomba vitu viwili. Kila choo kiwe na koki yake ya kufungia maji, ili bomba likipasuka chumba kimoja wengine waendelee kuoga. Na chemba, yale mashimo ya kukagulia mabomba ya maji taka, zisifunikwe na vigae! Nimevunja sakafu nzuri mno kutafuta chemba. Mabomba ya ukutani yajazwe maji na kupimwa presha kabla ya kubandika vigae, fundi akikataa mtafute mwingine.

Mpangishaji Tabata

Fundi, hilo la chemba nimelishika. Ndugu wa Mji Mkongwe, chokaa mnaiandaaje? Nina ndugu ana nyumba ya mawe Bagamoyo.

Mkaazi wa Mji Mkongwe, Unguja

Inalowekwa shimoni muda mrefu, ikikaa zaidi ndiyo bora. Ukuta uloweshwe kwanza, upigwe matabaka membamba, kila moja lishike kabla ya linalofuata. Jua likiwa kali funikeni kwa magunia mabichi, ikikauka haraka inapasuka. Na ndugu yako aanze na paa na michirizi, ukuta baadaye.