Wikendi ya mvua Lushoto, twende au tuahirishe?

Wakuu habari za jioni. Mimi na waifu tumepanga Ijumaa tutoke Dar tukalale Lushoto, kule milima ya Usambara mkoani Tanga, Jumamosi tuzunguke Soni mpaka Mtae. Sasa mvua za masika ndo zimechanganya, nani anaijua njia ya kule kipindi hiki? Gari ni Toyota IST, kagari kadogo.

Mzigua wa Mombo: Nendeni mkuu ila mpande mchana. Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33, lami ipo lakini nyembamba, kona juu ya kona, upande mmoja mwamba upande mwingine korongo, na mvua ikikolea udongo na mawe yanaporomoka mpaka barabarani, kwahiyo pale Mombo uliza kwanza madereva wa kosta wanaoshuka, wao ndo wanajua huko juu kumeamkaje. Kila kona piga honi.

Mama Viazi: Mtae na IST hapana kaka angu! Lami ikiisha ule udongo mwekundu ukilowa unateleza kama sabuni. Bakini Soni mkaone maporomoko, saivi maji yamejaa yananguruma, halafu mtembee msitu wa Magamba. Sweta nzito lazima, usiku baridi inaingia mpaka kwenye mifupa.

Kijana wa Tanga: Mkifika Irente, pale ukingoni mwa mlima karibu na Lushoto watu wanapoangalia mandhari, ukungu ukitanda msikate tamaa mkaondoka, kaeni hapohapo, upepo ukiusukuma mnaiona nyika yote kule chini. Jibini ya Irente pia msiikose.

Muuliza swali: Asanteni sana, Mtae tumeifuta. Magamba tunahitaji mtu wa kutuongoza?

Mama Viazi: Ndio, chukueni, njia za mle zinachanganya.