Stesheni ya Reli ya Kati kwa kipimo cha 1:87: picha na vipimo tunavitoa wapi?

Behewa_la_Tatu

Wakuu salaam. Natengeneza reli ya modeli, H0m, yaani kipimo cha 1:87 kwenye njia ya mm 12, juu ya ubao wa sm 240 kwa 45. Nataka stesheni ndogo ya kati ya Dodoma na Tabora, mwaka 1965 hivi, injini za mvuke bado zipo. Majengo yanayouzwa tayari ni ya vijiji vya Ujerumani na Uswisi, mapaa ya kumwaga theluji, hayaendani kabisa na Saranda wala Itigi. Michoro ya ujenzi sina, na picha nilizookota mtandaoni hazina tarehe wala kipimo. Mnaanzia wapi? Na jengo la m 40 mnalifupishaje bila kuliharibu sura? Natanguliza shukrani.

Kota_za_Gengi

Mkuu, anza na miaka kabla ya majengo. Ujenzi ulianzia Dar es Salaam 1905, ukafika Morogoro 1907, Tabora 1912 na Kigoma 1914, mkandarasi akiwa Philipp Holzmann wa Frankfurt. Kwa hiyo stesheni za mwanzo za kipande chako zimepishana miaka michache tu. Ukikosa picha ya ukuta wa nyuma wa stesheni moja, tazama jirani zake kabla hujaanza kubuni.

Kwa picha za enzi ya Mjerumani, tafuta kwanza mkusanyo wa Jumuiya ya Kikoloni ya Ujerumani uliopo maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, kisha Bundesarchiv (hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani), fungu la Bild 105, ambalo ni picha za Walther Dobbertin aliyekuwa na kazi yake Dar es Salaam. Wengi hutoka patupu kwa sababu wanaandika majina kwa tahajia ya leo. Andika Daressalam, Kilossa, Udjidji, na uongeze Bahnhof (stesheni) au Mittellandbahn (Reli ya Kati). Enzi ya Mwingereza ipo National Archives ya Kew, London, fungu la CO 1069, na sehemu kubwa inaonekana mtandaoni bure.

Usiamini maelezo yaliyo chini ya picha. Picha za zamani zilizopigwa kwa negativu za kioo wakati mwingine zimechapwa kinyume, kushoto kumekuwa kulia. Soma herufi za ubavuni mwa behewa au ubao wa jina uhakikishe. Kingine, picha ya 1912 si stesheni ya 1965. Ya Dobbertin inakupa mifupa tu: kuta, matao, mahali pa milango. Paa, vyumba vilivyobandikwa baadaye, nguzo za simu na tangi la maji vitafute kwenye picha za miaka ya 50 na 60.

Fundi_Kenchi

Upande wa vipimo. Ukiweza kufika, omba ruhusa kwa mkuu wa stesheni kwanza, eneo la reli si la kupiga picha kiholela. Futi kamba ya m 30, mtu wa kushika ncha, na fimbo ya m 2 iliyopakwa nyekundu na nyeupe kila sm 20. Pima urefu na upana wa jengo chini, mlango mmoja, dirisha moja, umbali kati ya nguzo mbili, na unene wa ukuta pale dirishani. Huo unene ndio watu husahau.

Fimbo iegemee UKUTANI. Ukiisimamisha m 1 mbele ya ukuta, nawe uko m 10 kutoka ukutani, fimbo inaonekana kubwa kuliko haki yake na ukuta wa m 6 utakutokea m 5.4 kwenye hesabu. Simama mbali uvute kwa lenzi, usisogee karibu ukainua kamera juu, mistari ya wima itakutana kileleni.

Usipoweza kufika, picha zenyewe zina rula ndani yake:

- Njia ya reli: m 1 kati ya nyuso za ndani za reli. Inafaa kupima vitu vilivyo umbali uleule tu, usiitumie kwa jengo lililo nyuma yake.
- Matangi ya chuma ya vipande vya mraba vyenye mikunjo: kila kipande ni futi 4 kwa 4, kwenye modeli mm 14. Hesabu vipande, umemaliza.
- Bati la mawimbi la zamani: wimbi hadi wimbi inchi 3, upana unaoonekana baada ya kupishana ni kama sm 60.
- Kontena la futi 20 kwenye picha za sasa: urefu m 6.06, kimo m 2.59.

Kwenye Google Earth unapima paa, si ukuta. Upenu ukitokeza sm 80 kila upande, umeongeza m 1.6 kwenye jengo, ambayo ni mm 18 kwenye modeli, na kwa jengo dogo hiyo inaonekana. Kimo kitoe kwenye kivuli: linganisha kivuli cha jengo na cha kontena kwenye picha hiyohiyo, ardhi ikiwa tambarare.

Mvuke_na_Masizi

Nje kidogo ya mada, ila kitakuumbua mbele ya wajuzi. Garratt za daraja la 59 (injini kubwa za mvuke) usiziweke Itigi hata kama ndizo modeli unazozipenda. Zile zilikuwa za reli nzito ya Mombasa–Nairobi. Na kiungo cha Ruvu–Mnyusi kilikamilika 1963, ndipo Reli ya Kati ikaungana na ya Tanga. Ukirudisha mwaka wako nyuma ya hapo, usichanganye mabehewa ya pande mbili kiholela.

Bati_Kutu

Bati la dukani kwa 1:87 mara nyingi lina mawimbi manene mno. Inchi 3 inakuwa mm 0.88. Chukua nondo yenye nyuzi za skrubu ya M5 (kipenyo mm 5), uzi hadi uzi ni mm 0.8, inatosha. Kata foili ya sahani za kubebea chakula (ya jikoni ni laini, inachanika), ilaze juu ya kipande cha raba ya tairi la baiskeli, viringisha nondo kwa kugandamiza. Mifereji itainama kama digrii 3 kwa sababu uzi wa nondo unapanda. Kata vipande kwa kufuata mifereji, sio ukingo wa foili. Ukikosea hapo paa zima linaonekana limekwenda upande.

Kila bati mm 7 kwa 28 (futi 8) au 35 (futi 10). Bandika kuanzia chini kwenda juu, la juu lilalie la chini mm 1.7. Kutu iweke kwenye mistari ya misumari juu ya papi na kwenye maungio, sio kupaka paa lote rangi ya chungwa kama wengi wanavyofanya.

Behewa_la_Tatu

Asanteni sana wakuu. Bado kufupisha: nikilibana lote kutoka sm 46 hadi 32 kwa programu ya picha inakuwaje?

Fundi_Kenchi

Usilibane. Mlango wa m 2.1 lazima ubaki mm 24, la sivyo abiria wako atainama kuingia. Punguza idadi: kama ubavu una matao tisa, weka sita, kila tao kwa kipimo chake kamili, na chumba cha mkuu wa stesheni kibaki mahali pake. Tofauti kati ya sehemu ndefu na fupi za jengo usiifute, jicho linakumbuka hiyo kuliko hesabu ya matao.

Kuta za mawe za sm 50 ni karibu mm 6. Gundisha tabaka tatu za karatasi ngumu ya mm 2, fremu ya dirisha iingie ndani. Kabla ya kukata, tengeneza boksi tupu la jengo kwa kadibodi, liweke ubaoni na behewa moja mbele yake, liangalie kutoka usawa wa macho. Ubao wenyewe ni sm 45 tu, njia ya kupishania na jukwaa vikishakula nafasi, huenda upenu wa nyuma ukagonga ukuta wa chumba. Hapo kata jengo nusu kwa kina, nyuma hakuna atakayeona.