Tupeane uzoefu: mliowahi kukesha foleni ya gemu mpya saa sita usiku, ilikuwaje?

Wakuu habari za saa hizi. Uzi huu ni wa wale waliowahi kusimama nje ya duka usiku wa manane wakisubiri gemu itoke, hasa mlioko Marekani na Uingereza maana huko ndo ilikuwa utamaduni kabisa.

Naanza mwenyewe. Minnesota, Novemba 2004, Halo 2. Tarehe rasmi ilikuwa 9, kwa hiyo usiku wa tarehe 8 ikigonga tu saa sita duka linaruhusiwa kuuza, kabla ya hapo hata dakika mbili hawakupi ingawa maboksi yapo nyuma tangu juzi na kila mtu anajua. Nilikuwa nimeweka oda na kutanguliza hela, nikafika saa tatu usiku nakuta watu washajaa, baridi inakata masikio na mimi sina glavu. Jamaa wa mbele yangu, hata jina simjui, akavua glavu moja akanipa, tukawa tunabadilishana mkono wa kulia na wa kushoto huku tunabishana Covenant, wale maadui wa kwenye gemu, wakifika duniani itakuwaje. Baadaye nikasoma siku ile ya kwanza tu ziliuzwa nakala zaidi ya milioni mbili. Mie nakumbuka glavu ile.

Mdau wa London:
Mkuu umenikumbusha mbali. Mimi GTA V, Septemba 2013, Jumatatu usiku kuamkia Jumanne, nimetoka shift moja kwa moja na yunifomu ya kazini. Nyuma yangu kuna mama mtu mzima anaongea na simu, nasikia Kiswahili cha Mombasa! Nikageuka, shikamoo mama, akafurahi kama kaona ndugu yake. Akaniuliza mwanangu, hii gemu ina nini mpaka watu wanakesha? Nikamwambia ukweli, mama hii ni ya watu wazima, imewekwa 18. Akasema kijana wake anafikisha 18 Ijumaa hiyo hiyo na hajawahi kumuomba kitu kingine mwaka mzima. Nilimshikia nafasi akaenda kukaa kwenye gari, mlango ulipofunguliwa nikampigia. Hadi leo Idi nakula kwake.

Mdau wa Temeke:
Huku kwetu saa sita usiku hakukuwa na duka la kufungua lakini foleni tumepanga wakuu, tena ndefu. Kibanda cha PS2 mtaani, mwenye kibanda kaandika kwa chaki FIFA MPYA IMEFIKA, tumetoka shule mbio na daftari mkononi, mechi moja mia mbili. CD inawekwa, tunaangalia, aah, ni ile ile ya mwaka jana wamebadilisha jezi tu! Aliyemuuzia alimpiga hela yake na yule kaka aliumia kweli, karibu alie. Tukacheza hivyo hivyo wiki nzima na tukamlipa zote, maana alikuwa anatukopesha siku tukiwa hatuna.

Mdau wa Texas:
Mimi nilikuwa upande wa pili wa kaunta, Modern Warfare 2, Novemba 2009. Wanaona sisi tunachelewesha makusudi, kumbe tumesimama toka asubuhi, tunapanga risiti za oda kwa alfabeti ili mtu asikae dirishani zaidi ya dakika moja. Ile kelele mlango unapofunguka nimeikosa sana. 2020 PS5 inatoka Sony wakasema siku ya kwanza hakuna kununua dukani, ni mtandaoni tu, sababu ya Korona. Nikakaa sebuleni peke yangu na simu mbili naburuza ukurasa, nikapata, lakini hakukuwa na mtu wa kumwonyesha.

Mleta mada:
Mdau wa Texas hapo umenigusa. Basi Switch 2, mashine ya gemu ya Nintendo, ilipotoka Juni 2025 maduka mengine yakafungua tena saa sita usiku, nikamchukua kijana wangu ana miaka 12. Nilidhani atalalamika, akasimama saa mbili nzima anaongea Mario Kart na mzee mmoja wa umri wangu wa nyuma yake, mpaka wakagawana chipsi. Nyumbani tulifika saa saba na nusu, ikaanza kujisasisha, dogo akasinzia na kontrola mkononi kabla haijamaliza.

Haya, walioko Dubai na Muscat mbona kimya? Na wanaosubiri GTA VI tangu ile trela ya Desemba 2023, mtapanga foleni au mtadownload?