Saikolojia ya jamii: mtaani unaanzia wapi?

Dogo_Dodoma: Habari zenu wakuu, natakiwa kwenda field kwenye kata moja, lecturer anasema tufuate kanuni za saikolojia ya jamii, yaani kushirikisha watu, kuheshimu tofauti zao, kuangalia mazingira sio mtu tu. Sawa, nimekariri, ila nikifika pale nafanya nini hasa?

mzee_kijiwe: Dogo usianze na dodoso. Kapige hodi kwa mjumbe, kaa na bodaboda na akina mama wa vikoba, sikiliza wanaongelea nini. Ukienda na tatizo lako mfukoni watakuitikia ndio ndio, ukiondoka basi.

Bi Mkubwa: Soma habari za Friendship Bench (Benchi la Urafiki) ya Zimbabwe, huduma ya ushauri kwa wenye matatizo ya afya ya akili. Dkt. Dixon Chibanda alianza 2006 kule Mbare, Harare, na mabibi 14, maana madaktari wa akili walikuwa wachache mno, na wale mabibi tayari walikuwa wahudumu wa afya wa jamii, watu wanawaamini. Mgonjwa anakaa benchi nje ya kliniki, bibi anasikiliza, wanaorodhesha matatizo, mgonjwa mwenyewe anachagua moja la kuanza nalo wanapanga hatua. Utafiti wa 2016 wenye watu 573 ukaonyesha dalili za matatizo ya akili zilipungua kweli. Hapo kanuni zako zote zipo, mwanangu.

Dogo_Dodoma: Shukrani bibi, kwa hiyo ujuzi mkubwa ni kusikiliza?

mzee_kijiwe: Na kurudisha matokeo kwao! Wengi mnachukua data mnapotea 😂